Mbwa Wako Hasikii? Mtafute Anayemlipa

Jamaa mmoja wa Mbezi alinipigia simu akisema mbwa wake ni mkaidi, tena mkaidi wa kuzaliwa. Nilipofika nikamwomba amwite nimwone. Akasimama barazani, akaita mara sita, kila mara sauti inapanda. Mbwa mwenyewe, dume jekundu la miaka miwili, alikuwa amelala chini ya mwembe, mita kumi tu kutoka pale. Alinyanyua kichwa, akamtazama bosi wake, akautazama mnyororo uliokuwa unaning'inia mkononi mwa bosi wake, kisha akajilaza upya. Nikamuuliza jamaa: akija anapata nini? Akafikiri kidogo. "Anafungwa," akasema.

Mimi pale sikuona ukaidi. Niliona mbwa anayejua hesabu.

Nafundisha mbwa bila fimbo, bila kola za miiba wala za umeme, na karibu kila tatizo ninaloitiwa lina swali moja ndani yake: tabia hii inalipwa na nani? Mbwa harudii jambo kila siku kama halimpi chochote. Malipo si lazima yawe nyama. Kutazamwa ni malipo, kukimbia ni malipo, kumwona anayemtia wasiwasi akiondoka ni malipo, na kuukwepa mnyororo ni malipo makubwa mno. Ukishamjua mlipaji (na mara nyingi ni wewe mwenyewe), kinachobaki ni kuyahamisha malipo yaende kwenye tabia unayoitaka.

Matatizo nimeyapanga kwa dalili. Unaweza kuruka hadi kwenye lako, ila sehemu mbili za mwanzo zisome kwanza, maana huko chini nitakuwa narejea humo.

Mwili kwanza

Mbwa aliyekuwa mtulivu miezi yote, halafu leo ananguruma ukimgusa mgongo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujatafuta mwalimu. Sikio lenye usaha, kupe waliojazana katikati ya vidole, jino lililovunjika, nyonga inayouma, vyote hivyo hujitokeza kwa sura ya "tabia mbaya". Hali kadhalika mbwa aliyekwisha jua kukojoa nje, ghafla anakojoa ndani kila baada ya muda mfupi: huenda kibofu kina maambukizi. Na mwenye homa ya kupe hataki chakula, kwa hiyo utamwonyesha nyama na utadhani amegoma kufundishwa. Tabia iliyogeuka ndani ya siku chache ni ya daktari mpaka daktari aseme vinginevyo.

Liko moja la hatari kuliko yote. Mbwa anayeng'ata hovyo bila sababu, au taya limelegea na mate yanamtiririka, au sauti ya kubweka imebadilika, usimkaribie na usijaribu kumfungua mdomo kutazama kama ana mfupa kooni. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mpigie daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili zikishamwanza binadamu, kupona ni nadra sana. Na kama mbwa wako hana chanjo, funga ukurasa huu ukamchanje, utaendelea kusoma ukirudi.

Mshahara na neno lake

Watu huniambia, "Nimejaribu kumpa chakula, haikusaidia." Nikiuliza chakula gani, naambiwa mkate. Mbwa ametoka kumaliza sufuria ya ugali na dagaa, halafu unamtaka amwache paka wa jirani kwa ajili ya kipande cha mkate mkavu. Hata wewe usingemwacha.

Mimi natumia maini ya ng'ombe. Nayachemsha bila chumvi na bila kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa, kiwe kibichi au kilichoiva. Yakipoa nayakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kisha nayakausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka yasiloweshe mfuko wa suruali. Nagawa kwenye vifurushi vya siku moja moja, vinaingia kwenye friza. Maini mengi humharisha mbwa, kwa hiyo siku nyingine badilisha, tumia firigisi, au dagaa wakavu waliooshwa mchanga na chumvi. Udogo wa kipande ni wa makusudi, unataka kulipa mara thelathini ndani ya dakika tano bila mbwa kushiba. Na kiasi hicho kitoe kwenye chakula chake cha jioni, la sivyo baada ya miezi miwili utakuwa na mbwa msikivu mwenye umbo la pipa.

Cha pili ni neno la kumwambia amepatia. Langu ni "Safi!", fupi, kwa sauti ile ile kila siku. Kazi yake ni moja tu, kuiwekea alama sekunde ambayo mbwa amefanya unachotaka, kwa sababu mkono wako hauwezi kufika mfukoni na kurudi kwa kasi hiyo. Siku ya kwanza hufundishi chochote. Unasema "Safi!", unampa kipande. Tena. Tena. Mara ishirini, mpaka akilisikia neno anageuza kichwa kuutafuta mkono wako. Baada ya hapo ahadi ni ahadi: ukilisema, lipa, hata kama limekuponyoka.

Wako wanaosema hii ni njia ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni. Hao nawaelekeza Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye wakawafundisha kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia anasikia mlio wa "tik", anakwenda kulamba ndizi iliyopondwa na karanga. Mafunzo huchukua kama miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Hebu jaribu kumfundisha panya kwa fimbo uone kama utamwona tena.

Unamwita, haji

Turudi kwa jamaa wa Mbezi. Tatizo lake lilikuwa na vyanzo vitatu kwa pamoja, na ndivyo huwa.

Kwanza, neno limechafuka. Pale nyumbani "Njoo" maana yake ilikuwa mnyororo, au kuogeshwa dawa ya kupe, au kofi kwa sababu ya kiatu kilichotafunwa asubuhi. Pili, neno limechakaa. Likiitwa mara sita, mbwa hujifunza kwamba tano za mwanzo ni kelele za kawaida za mtaa, kama honi za bodaboda. Tatu, mtihani ulitangulia somo. Hajawahi kufundishwa kuja uani palipo kimya, ila anatarajiwa aje getini wakati mbuzi wanapita.

Neno lililochafuka usihangaike kulisafisha, tafuta jipya. Tulichagua "Hapa!" Mnyororo tukauficha stoo, geti likafungwa, tukaanza kwa mita mbili. Jamaa akasema "Hapa!" mara moja tu, akarudi nyuma hatua tatu huku amechuchumaa kidogo. Mbwa akaja kwa mashaka, masikio yamelala, mkia chini. "Safi!" Kipande, kipande, kipande, vitatu mfululizo pale pale mguuni. Kisha nikamwambia jamaa jambo ambalo hakulitegemea: mwache aende zake. Mbwa akabaki amesimama, anamtazama kama mteja aliyerudishiwa chenji iliyozidi. Mara ya nne kuitwa, alikuja mbio.

Hapo ndipo penye siri. Katika kila mara kumi unazomwita, tisa ziwe za kuja, kulipwa, kuachiwa. Siku ya kumfunga, mwite, mlipe, cheza naye dakika moja, ndipo umfunge. Au mfuate mwenyewe alipo bila kutumia lile neno. Ongeza umbali polepole, halafu ongeza vishawishi, usiviongeze vyote viwili siku moja. Nje ya geti tumia kamba nyepesi ya mita kumi. Kamba hiyo haipo kwa ajili ya kumburuta, ipo asije akajilipa mwenyewe kwa kukimbiza kuku, maana mbio zile ni mshahara ambao maini yako hayawezi kuushinda.

Na aliyechelewa usimpige. Umekasirika kwa sababu ya dakika kumi alizokuzungusha, ila jambo la mwisho alilolifanya ni kuja. Ukipiga, ndilo ulilolipiga.

Anarukia kila mtu

Huku Pwani jambo hili lina uzito wake. Jirani yako akiwa Muislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi, mate ya mbwa kwake ni najisi. Palipoguswa paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anakwenda msikitini Ijumaa na kanzu yake nyeupe, mbwa wako anampandishia makucha na ulimi, na wewe unacheka, "hana neno, anacheza tu." Hilo si jibu la ujirani.

Mlipaji ni nani? Ni wewe, tangu alipokuwa na kilo mbili. Alipokurukia wakati ule ulimnyanyua na kumbeba. Leo ana kilo thelathini, unamsukuma kwa mikono miwili na kupiga kelele "Shuka!", na yeye anaona mchezo umenoga. Mtoto anayekimbia huku anapiga mayowe ndiye mlipaji mkubwa kuliko wote.

Sheria iwe hivi: salamu inapatikana miguu minne ikiwa chini. Akiruka, kunja mikono kifuani, geuza uso, nyamaza. Miguu ikigusa ardhi tu, "Safi!", na kipande kiweke chini sakafuni. Usikipitishe juu, maana chakula kikija kwa juu na mbwa atakifuata juu. Jiandae, siku za mwanzo atazidi. Ni kama mtu uliyezoea kumpokelea simu mlio wa kwanza. Siku usipopokea hakati tamaa papo hapo, atapiga tena, na tena, na tena. Wengi huishia hapo wakisema njia imeshindwa, kumbe walikuwa wamebakiza siku chache. Tena wakipokea ile simu ya kumi na tano, wamemfundisha kwamba dawa ni kung'ang'ania.

Mgeni wa kweli usimfanye chombo cha mazoezi. Mbwa awe bandani au kwenye kamba mpaka mgeni aketi. Mazoezi fanya na watu wa nyumbani, watoke nje ya geti na kuingia upya mara kumi kama wageni. Watoto huupenda sana mchezo huu.

Anabweka getini kutwa, na usiku halali

Mtazame mpita njia kwa macho ya mbwa. Anatokea, mbwa anabweka, anaondoka. Mpita njia alikuwa anakwenda zake Kariakoo, ila mbwa anaandika ushindi daftarini. Mara mia kwa siku anashinda. Hakuna mshahara unaolipwa kwa uhakika kama huo.

Kwa hiyo kumfokea hakusaidii, na kwa masikio yake kufoka kwako ni kubweka pamoja naye. Anza kwa kuyazuia macho. Geti la nondo liwekewe bati au makuti hadi kimo cha kichwa chake. Jambo hilo moja limemaliza kesi kadhaa nilizoitiwa, nikaona hata haya kupokea hela. Kisha fundisha neno la kushukuru. Akibweka mara mbili tatu, sema "Asante" kwa sauti ya kawaida, mwage vipande vitano ardhini upande wa ndani, mbali na geti. Mwanzoni atakuja kwa sababu ya pua. Baada ya wiki kadhaa atabweka, atasikia "Asante", atageuka na kukufuata. Ulinzi unao, na majirani wanalala.

Kama anabweka saa nane usiku bila mtu kupita, kwanza niambie mchana alishindaje. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu alfajiri chini ya jua, hajanusa chochote, hajaongea na mtu, usiku ndio anaanza siku yake. Dakika ishirini za kutembea jioni, kwa mwendo wake na pua yake, zitafanya kazi ambayo jiwe la kumrushia halitaifanya.

"Ukimzoesha nyama, mwizi atamtupia yenye sumu"

Naulizwa hili kila mahali, na hofu yenyewe ni ya kweli, mbwa wanauawa kwa sumu. Ila mbwa mwenye njaa ndiye anayepokea chochote kutoka kwa yeyote. Anayelipwa kwa kazi hujifunza kwamba chakula hutoka mahali fulani, kwa masharti fulani. Na sharti lenyewe linafundishika: kipande kwenye ngumi iliyofungwa, anakilamba, anakikwangua, hapati kitu, sekunde anayorudisha kichwa nyuma, "Safi!", analipwa kwa mkono *mwingine*. Hatua kwa hatua unafika kwenye kipande kilichotupwa chini na mtu asiyemjua, na yeye anakugeukia wewe. Inachukua wiki nyingi. Hata baada ya hapo, usiku mbwa wangu hawalali karibu na ukuta wa barabarani, kwa sababu hakuna mafunzo yaliyo kinga kamili.

Anavuta kamba, mdogo anang'ata mikono

Haya mawili nayapitia haraka. Mbwa huvuta kwa sababu akivuta anafika. Kamba ikikaza, simama kama nguzo. Ikilegea, twende. Lipa akiwa ubavuni mwako, mkono ukiwa usawa wa mshono wa suruali. Mkanda wa kifuani unaofungwa kwa mbele husaidia, na haumkabi koo. Mara ya kwanza tembeeni mita hamsini tu mkarudi; atakayekuona atadhani umepotea.

Mtoto wa mbwa anang'ata kwa sababu anacheza, na kuanzia kama mwezi wa tatu hadi wa sita anaota meno mapya, ufizi unamwasha. Kuvuta mkono kwa kasi ndiko kunakomlipa, umekuwa panya anayekimbia. Legeza mkono, simama, ondoka sekunde kumi, rudi na kitu halali cha kutafuna. Kitambaa kilicholoweshwa, kikasokotwa na kugandishwa, ndicho cha bei rahisi ninachokijua. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Anakojoa ndani, tena anajificha

"Anajua kosa lake, muone anavyoinama." Hapana. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alijaribu hilo kwa kuwadanganya wenye mbwa kuhusu nani kakosea. Ile sura ya "mwenye hatia" ilitokea zaidi pale mbwa walipokaripiwa, wawe wamekosa au hawakukosa. Kinachoonekana ni hofu ya uso wako. Ukimsugua pua kwenye mkojo, somo analoondoka nalo ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Kesho atakojoa nyuma ya kochi, na ukimtoa nje atabana mpaka mrudi ndani.

Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Nenda naye, usimfungulie mlango tu. Akimaliza pale nje, mlipe pale pale, maana kipande cha jikoni dakika mbili baadaye kinalipia kurudi jikoni. Ndani, osha mpaka harufu iishe kwa pua ya mbwa, siyo yako. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya hufanya hivyo vizuri kuliko dawa za kunukia.

Ananguruma ukikaribia sahani yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanaumizwa.

Ushauri wa mtaani ni kumnyang'anya sahani "ajue nani bosi". Wazo hilo lina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, jinsi walivyogombania ukubwa. (Nasema wale wa kijivu wa Ulaya, siyo hawa wetu wa madoa.) Kitabu cha mtafiti wa Marekani David Mech cha mwaka 1970 kikalisambaza zaidi. Kisha Mech mwenyewe, mwaka 1999, akaandika kwamba porini kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Anayeongoza ni mzazi. Kwa hiyo nadharia ya kumbana mbwa wako chini ilianzia kwa mahabusu wasiojuana, na aliyeipa umaarufu ameshaiacha. Mitaa yetu bado inayo.

Kunguruma ni honi. Mbwa anasema: nina wasiwasi, usisogee. Ukimpiga kwa kunguruma, wasiwasi unabaki na honi inaondoka. Siku nyingine utasikia watu wakisema, "ameng'ata bila onyo." Onyo walilichapa fimbo miezi mingi iliyopita.

Nani analipa? Kila anayekaribia huwa anachukua, kwa hiyo kunguruma kunaokoa chakula. Geuza hesabu hiyo, anayekaribia awe anaongeza. Mbwa akiwa anakula ugali wake, pita kwa umbali ambao hata hakutazami, labda mita nne. Tupa kipande cha ini kiangukie karibu na sahani, endelea na safari zako bila kusimama. Mara tano kwa mlo, kisha umeondoka. Ukiona anainua kichwa kukutafuta, mkia umelegea, kesho punguza hatua moja. Ukiona mwili umekakamaa, anameza haraka haraka, au weupe wa jicho unaonekana kando, umekaribia mno, rudi nyuma hatua mbili na ukae hapo siku kadhaa. Hakuna tuzo ya kuwahi.

Watoto wasishiriki zoezi hili hata kidogo. Mbwa ale peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa, mpaka kazi iishe. Na kama ameshamtoboa mtu ngozi, tafuta daktari wa mifugo na mwalimu asiyetumia mateso, msifanye peke yenu kwa kusoma maandishi kama haya.

Anaogopa radi, fataki, wanaume wenye kofia

Mbwa mwenye hofu hawezi kujifunza, kama vile wewe huwezi kufanya hesabu za kugawanya huku nyumba inaungua. Mpe pa kujificha na umwache akae. Kumbembeleza hakuongezi hofu, hofu si ujanja ambao mtu anaufanya apate kipande. Kwa kinachotisha na ambacho unaweza kukipanga, kama mwenye kofia, aonekane kwa mbali, kipande kidondoke. Akitoweka, na vipande vimeisha. Wengi wa mbwa hawa walifungiwa kwenye boksi au banda katika umri wa wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, wakati ambao ubongo unajifunza dunia ina nini ndani yake.

"Anatii nikiwa na nyama mkononi tu"

Basi ulikuwa unatoa hongo. Hongo huonyeshwa kabla ya kazi, mshahara hutoka baada ya kazi. Mkono ulioshika kipande ukitangulia, mbwa amejifunza kufuata mkono. Weka vipande mfukoni au kwenye kopo juu ya ukuta, mikono mitupu, sema "Kaa" mara moja, akikaa "Safi!", ndipo mkono uende mfukoni. Akishaijua kazi vizuri, lipa mara moja kila anapofanya mbili tatu, bila mpangilio anaoweza kuukariri, na uchanganye na malipo mengine, kama kufunguliwa geti, kurushiwa mpira au kukunwa chini ya shingo. Kuitwa na kuja, hata hivyo, mimi nalipa kila mara mpaka mbwa azeeke.

Anamsikia mtu mmoja tu nyumbani

Familia moja ya Tabata walinilalamikia kwamba mbwa wao anamtii dada wa kazi peke yake, wenye nyumba hana habari nao. Nikaomba kila mmoja amwambie mbwa akae. Baba akasema "Sit." Mama akasema "Kaa chini wewe." Kijana akasema "Tulia," neno ambalo dakika tano kabla alilitumia kumnyamazisha asibweke. Mbwa akawapitia wote watatu kwa macho, akaenda kusimama mlango wa jikoni.

Dada akatoka anafuta mikono kwenye kanga. "Kaa," akasema. Mbwa akakaa. Dada akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha ukoko wa ugali, akampa. Nikamuuliza ameanza lini kufanya hivyo. Akasema tangu alipofika, kwa sababu mbwa alikuwa anamwangusha akipita na sufuria ya moto, na hakuna aliyemwambia afanyeje.

Tukabandika karatasi kwenye friji, maneno matano tu: Hapa, Kaa, Asante, Acha, Subiri. Dada ndiye aliyewafundisha wengine.